Calico, California: mji wa fedha uliohamwa mwamba ukiwa haujakata

Kahama_Mojave (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika chochote, lakini leo kuna jambo limenikaa kifuani. Naendesha malori ya masafa huku Marekani, na njia yangu kubwa ni I-15, Los Angeles kwenda Las Vegas. Ukishaiacha Barstow, karibu na kijiji cha Yermo, ukitazama kushoto kuna milima ya rangi rangi, na ubavuni mwa mmoja wapo yapo maandishi makubwa meupe: CALICO. Nimeyapita maandishi hayo kwa miaka minne. Mwezi uliopita lori likaniharibikia Barstow, nikakaa siku mbili nikisubiri kipuri. Nikasema ngoja nikapaone.

Mjue kwanza natokea wapi. Nimekulia kijiji cha machimbo upande wa Kahama, baba alikuwa na hisa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini. Nikiwa darasa la tano kijiji kile kilikuwa hakilali: karasha, mashine za kusagia mawe, zinasaga usiku kucha, mama ntilie wamepanga masufuria hadi saa nane za usiku, vibanda vya video vimejaa. Namaliza la saba tumebaki kaya sita. Wazee walisema maneno mawili tu, mwamba umekata, yaani jiwe lenye madini limeisha, na yakatosha. Mwamba ukikata hakuna wa kumlaumu, unafunga mzigo unaondoka.

Calico ni mji mahame ambao mwamba wake haukukata. Hilo ndilo lililonitoa usingizi, na ndilo nataka tulijadili.

Nianze na ulivyozaliwa. Mwaka 1881 watafutaji madini walipanda milima hiyo wakiwa na mfadhili, John C. King, sherifu wa kaunti ya San Bernardino. Waliokulia machimboni hawahitaji kuelezwa ufadhili ni kitu gani: huyu anatoa chakula na vifaa, yule anatoa miguu na jasho, kikipatikana mnagawana. Kikapatikana. Duara likaitwa Silver King, na katikati ya muongo ule lilikuwa mojawapo ya machimbo ya fedha yaliyozaa kuliko yote California.

Ikawa rashi, watu wakamiminika. Mwaka uliofuata tayari kuna posta na kuna gazeti la kila wiki, Calico Print. Katikati ya miaka ya 1880 palihesabiwa machimbo zaidi ya 500 na watu wapatao 1,200. Kufikia 1890 mji ulikadiriwa kuwa na watu 3,500. Walikuwemo Wachina waliokuwa na mtaa wao upande wa mashariki, Waayalandi, Waingereza, Wagiriki, Wafaransa, Waholanzi. Wote wamekaa juu ya bega la mlima lisilo na mti wala kijito. Maji yalikuja kwa mikokoteni. Moto uliuteketeza mji 1883, ukarudi tena 1887, na mara zote mbili walijenga upya, safari hii wengine kwa matofali ya udongo badala ya mbao. Nilipofika hapo niliguswa. Mtu hajengi mara ya tatu mahali anapodhani ni pa kupita.

Jina lenyewe linatuhusu kidogo. Ni kaliko, ile nguo ya pamba iliyopata jina lake Calicut, bandari ya Wahindi ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua kabla ya Vasco da Gama. Huko Marekani kaliko ilikuwa nguo ya pamba yenye maua maua, na milima ile ina mistari ya wekundu, kijani, njano na zambarau kama doti ya khanga imetandazwa juani. Jioni jua likiwa chini utaelewa kwa nini hawakutafuta jina lingine.

Fedha yenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya aina wanayoiita fedha ya pembe, yaani fedha iliyoungana na klorini, laini, kisu kinaikata. Iko karibu na uso wa ardhi. Jiwe linateremshwa kwenye vinu vya Daggett, kilomita kama kumi hivi, kwa sababu huko ndiko kuna mto Mojave na reli kubwa. Linapondwa kwa nyundo za chuma zinazopanda na kushuka, unga wake unachanganywa na zebaki, zebaki inakamata fedha, kisha inachomwa inabaki fedha. Nikasimama mbele ya picha ya kinu hicho nikaona karasha za kwetu. Tofauti ni ukubwa tu. Mwaka 1888 wakajenga na reli nyembamba ya kuteremsha mawe, mikokoteni ya nyumbu ikapumzika.

Kuna kisa kimoja lazima nikiandike. Katikati ya miaka ile ya 1880 barua za kambi ya jirani iliyoitwa Bismarck zilikuwa zinapelekwa na mbwa. Jina lake Dorsey, wa mkuu wa posta. Alifungwa mifuko miwili mgongoni, anapanda mlima peke yake, anafikisha, anarudi. Nilipokuwa mdogo barua za mjomba kutoka Dar zilikaa duka la Mpemba mjini wiki tatu mpaka apatikane mtu anayekuja kijijini. Kwa hiyo simwoni Dorsey kama hadithi ya kuchekesha watoto. Mji uliokuwa na mbwa wa posta ni mji ambao watu walikuwa wanangojea habari za nyumbani.

Sasa nifike penyewe.

Mji ulipoanza, wakia moja ya fedha (gramu 31 hivi) iliuzwa dola 1 na senti 13 hivi. Mwaka 1894 ilikuwa senti 63. Katikati ya miaka hiyo ya 1890 machimbo yakafungwa moja baada ya jingine. Posta ikafungwa 1898, shule haikukaa sana ikafuata. Wakati huo inakadiriwa walikuwa wameshatoa fedha ya dola milioni 20 kwa miaka 12, na bado ipo ndani ya mlima.

Nani aliishusha bei? Si mchimbaji wa Calico. Mwaka 1873 Marekani iliacha kumpigia sarafu kila mtu aliyeleta fedha yake, dhahabu ikabaki peke yake. Ujerumani nayo ilikuwa imehamia dhahabu na inauza fedha yake ya zamani. Wakati huohuo milima ya Nevada na Colorado inamwaga fedha sokoni. Bei ikaanza kuteremka polepole. Wanasiasa wa majimbo ya magharibi wakapigana, ikapatikana sheria ya 1878 ya serikali kununua fedha kila mwezi, kisha ile ya Julai 1890 iliyoiamuru serikali inunue wakia milioni 4.5 kila mwezi. Hiyo ya 1890 ilipandisha bei kwa muda mfupi tu. Kwa maneno mengine Calico ilikuwa inaishi kwa mteja mmoja mkubwa, na mteja huyo alikuwa Washington.

Tarehe 26 Juni 1893 Waingereza wakaamuru viwanda vya sarafu vya India visipokee tena fedha ya watu binafsi. Kwa siku chache wakia ikaanguka kutoka senti 80 na kidogo hadi 62 hivi. Marekani ilikuwa tayari kwenye msukosuko, mabenki yanafunga milango, na Rais Grover Cleveland akaiita Bunge kufuta sheria ya ununuzi. Ikafutwa tarehe 1 Novemba 1893. Mteja akaondoka.

Niweke hesabu ya mfano ili tuelewane, tarakimu ni zangu za kuelezea tu. Tani yako ya jiwe ina wakia 15. Kwa dola 1.10 unapata dola 16 na nusu. Kuchimba, kusafirisha na kusaga kunakula dola 12. Una faida. Sasa bei iwe senti 63: tani ileile, jasho lilelile, unapata dola 9 na senti 45. Kila tani unayoitoa inakutia hasara. Jiwe halijabadilika hata chembe.

Ndiyo maana nimekaa na kijiji chetu kichwani tangu nirudi. Hivi ule mwamba wetu ulikata kweli?

Karibuni tuchangie. Na wale wenye habari za mahame mengine yaleteni.

---

Nyundo_ya_Jiolojia

Mkuu, uzi mzuri, nimeusoma mara mbili. Ila niruhusu nikurekebishe kidogo kitaalamu, kwa heshima.

Unaposema mwamba haukukata, uko sahihi nusu. Machimbo ya aina hiyo kilicho tajiri huwa juu. Maji ya mvua na hewa kwa maelfu ya miaka yanaigeuza fedha na kuikusanya karibu na uso, ndiyo hiyo ya pembe unayoikata kwa kisu. Ukishuka chini unakuta kiwango kimepungua. Kwa hiyo 1893 ilipofika, Calico ilikuwa imeshakula asali na imebaki na masega. Bei ya zamani ingewapa miaka zaidi, hilo sibishi. Lakini wangekuwa wanachimba jiwe maskini zaidi kila mwaka.

Na kwenye taaluma yetu hatusemi madini yapo au hayapo. Tunasema yapo kwa bei fulani. Jiwe la gramu mbili za dhahabu kwa tani, mwaka ambao dhahabu iko chini ni kifusi, mwaka ambao iko juu linaletewa mitambo. Mpaka kati ya mwamba na kifusi unahama kila soko linapofunguliwa. Mzee wako aliposema mwamba umekata huenda alikuwa anasema ukweli wa siku ile.

---

Kahama_Mojave

@Nyundo_ya_Jiolojia nimekubali, na nashukuru. Hiyo ya masega nilikuwa siijui.

Lakini angalia na hili. Pale pale pembeni ya Calico kuna eneo linaitwa Waterloo, nalo lilichimbwa zama zile. Kampuni za siku hizi zimetoboa na kupima, zikatangaza kwamba humo mna fedha zaidi ya wakia milioni 100. Ni ya kiwango cha chini, imetawanyika, ya kuchimbwa kwa mitambo mikubwa kwa shimo la wazi. Mchimbaji wa 1890 asingeiweza hata kwa dola mbili. Lakini ipo. Watu 3,500 waliondoka wakiiacha chini ya miguu yao.

---

Sonara_wa_Darajani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mleta uzi umetaja tarehe 26 Juni 1893 ukapita haraka, na hapo khasa ndipo hadithi yako inapoingia nyumbani kwetu Unguja. Naomba nikae hapo kidogo. Mimi ni sonara, baba sonara, babu sonara, fedha ndiyo iliyotulea.

Wakati ule pesa ya Unguja na mwambao wote ilikuwa rupia ya India. Kabla yake, na sambamba nayo, ilikuwepo reale, ile ya Maria Theresa yenye picha ya bibi. Zote mbili sarafu za fedha. Rupia moja ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na fedha yake sehemu 11 kati ya 12. Kampuni ya Waingereza kule Mombasa ilipopiga sarafu yake 1888 ilipiga rupia. Wajerumani walipopiga yao 1890 nao wakapiga rupia, wakaiweka sawa na ya India, maana mfanyabiashara wa pwani asingepokea kitu kingine.

Sasa fedha ilipoanza kushuka duniani tangu 1873, rupia ilishuka nayo. Zamani rupia moja ilikuwa kama shilingi mbili za Kiingereza. Kufikia 1892 imefika shilingi moja na peni tatu hivi. Kila mtu wa Unguja aliyenunua bidhaa ya Uingereza aliilipa kwa rupia nyingi zaidi, na wala hakuwa na habari kwamba kuna mlima unaitwa Calico unaomwaga fedha.

Hapo Juni 1893 ndipo rupia na reale zilipoachana. India ilipofunga viwanda vyake, rupia ikawa haifuati tena bei ya fedha iliyo ndani yake, mwishowe ikasimamishwa kwenye shilingi moja na peni nne, yaani rupia 15 kwa pauni. Reale haikuwa na serikali ya kuishikilia, ikaendelea kushuka na bei ya fedha. Fikirini mwanamke wa Pemba aliyezika reale zake ndani ya mtungi, na jirani yake aliyezika rupia. Mwaka 1890 wako sawa. Baada ya miaka michache mmoja ana mali, mwenziwe ana vipande vya fedha vya kumpelekea sonara akavifanye mtali.

Kwa hiyo si Calico peke yake. Mkono ulioutikisa mji ule umeitikisa na mitungi ya kwetu.

---

Kahama_Mojave

Sheikh, nimesimamisha lori kusoma hii. Nilijua India ilihusika, sikujua kwamba rupia ile ndiyo hii ya kwetu. Lugha yetu yenyewe inaita madini hayo na hela kwa neno moja, fedha, nami nimelitamka maisha yangu yote bila kujiuliza kwa nini.

---

Asiyechoka_Kuuliza

Mimi si mtu wa madini, naomba kuuliza. Kwa nini wasingesubiri? Bei ya kitu hushuka na kupanda. Mkulima wa pamba bei ikiwa mbaya msimu huu anahifadhi au anapunguza shamba, hahami kijiji.

---

Kahama_Mojave

Swali zuri. Mkulima akisubiri, shamba linamlisha: kuna mahindi, kuna mbuzi, kuna mtoni. Calico hakuna kinachoota. Kila punje ya unga, kila ndoo ya maji, kila gogo la kuegemezea paa la shimo vinatoka nje na vinalipiwa. Mshahara ukisimama leo, kesho duka halikopeshi. Na muuza duka naye ana deni lake Los Angeles au San Francisco. Mnyororo wote ule unaning'inia kwenye wakia ile moja.

Lakini walikuwepo waliosubiri, na wana sababu. Kwenye milima ileile kulikuwa na boraksi. Masonara na wachimbaji wa dhahabu mnaijua, ile mnayotia kwenye chungu wakati wa kuyeyusha. Kule iligunduliwa kwenye jiwe lililopewa jina la William Tell Coleman, kolemanaiti. Coleman akafilisika 1888, mali ikaenda kwa Francis Marion Smith, na kambi ikajengwa mashariki ya Calico ikaitwa Borate. Fedha ilipokufa, boraksi ikawaweka hai baadhi ya watu. Mwanzo ilivutwa na misafara mirefu ya nyumbu, mwaka 1898 wakajenga reli hadi Daggett. Mwaka uleule posta ya Calico inafungwa! Halafu 1907 kampuni ikahamia upande wa Death Valley kwenye boraksi nyingine, na Calico ikabaki na upepo.

Karibu 1915 wakaja watu wa marudio. Kama wanavyofanya kwetu sasa, walijenga matangi ya sayanaidi kuosha mabaki ya Silver King. Kijana mmoja aliyesaidia kujenga matangi hayo aliitwa Walter Knott, alikuwa amechukua shamba la jangwani pale Newberry Springs, na yule sherifu mfadhili wa 1881 alikuwa mjomba wake. Mkumbuke jina hilo.

---

Mwana_Mpanda

Mleta uzi ameomba mahame mengine. Mimi nitaleta ambalo halikuwa hame, na mtaniambia kwa nini.

Mpanda yetu, Katavi ya leo, ilipata reli kwa sababu ya mgodi. Pale Mukwamba palichimbwa risasi, na ndani yake mlikuwa na shaba, fedha na dhahabu. Kampuni iliitwa Uruwira Minerals. Serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za pori la mbung'o, likafunguliwa 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka kumi tu. Kwa hesabu ya Calico, Mpanda ilitakiwa iwe mapagala.

Lakini reli haikung'olewa. Behewa zilizoletwa kubeba risasi zikabeba mahindi, tumbaku, watu, asali. Babu yangu aliajiriwa mgodini, ulipofungwa akabaki, akalima. Mwaka 2012 tukawa makao makuu ya mkoa mpya. Mimi nimesomea Tabora kwa treni iliyoletwa na mgodi ambao baba yangu hakuuona ukifanya kazi.

Nikiulizwa, nitasema ardhi ndiyo iliyotuokoa, na mvua, na lile tawi la reli. Watu wa Calico walikuwa na reli bila mvua.

---

Kahama_Mojave

Mwana_Mpanda umenijibu jambo nililokuwa nalizunguka bila kulishika. Kijiji chetu kilikuwa na mvua ya kutosha. Tatizo letu ni kwamba mashamba yote yalikuwa yameshageuzwa mashimo na mabwawa ya kuoshea. Mwamba ulipokata, au bei ilipokata, hatukuwa na pa kupanda hata mchicha. Hilo tulijifanyia wenyewe na wenye karasha, serikali ya kijiji ikitazama. Sitaji jina la kijiji wala la mtu.

---

Mama_Wawili_Anaheim

Nimefika Calico na wanangu, naishi upande huu. Sikupapenda kama mleta uzi. Maduka ya ukumbusho, treni ndogo ya watoto, watu wamevaa kofia za zamani. Niliuliza zipi ni nyumba za kweli nikaambiwa ni tano tu, nyingine zimejengwa upya. Sasa huo ni mji mahame au ni maonyesho ya sabasaba? Mwenye kutaka mahame halisi aende Bodie, ule wa dhahabu kaskazini, ambako nyumba zimeachwa zilivyo, sahani mezani na vumbi juu yake.

---

Kahama_Mojave

Dada, uchungu wako nauelewa, nami nilipoingia getini nilivunjika moyo dakika kumi za kwanza. Ila nisikilize.

Yule Walter Knott aliyejenga matangi alikuja kutajirika kwa matunda na bustani ya burudani kule Buena Park, jirani na kwako. Mwaka 1951 akaununua mji wote. Akachukua picha za miaka ya 1880, akajenga upya vilivyoanguka kwa kufuata picha. Mwaka 1966 akautoa kwa kaunti ya San Bernardino uwe bustani ya umma. Mwaka 2005 ukatangazwa rasmi mji mahame wa fedha wa jimbo la California, Bodie ukiwa tayari ule wa dhahabu.

Bodie ni kweli kuliko Calico, sikatai. Lakini nimetoka mahali ambapo hakuna aliyejenga upya hata kibanda kimoja. Nikirudi kijijini siwezi kumwonyesha mwanangu duara la babu yake lilikuwa wapi, limefukiwa, miiba imeota. Ningempata mtu mmoja wa kusimamisha ukuta mmoja kwa kufuata picha, ningeulipia kiingilio kila mwaka.

Na katika zile tano ipo moja iliyonitoa machozi. Ni nyumba ya Lucy Lane. Alikuja Calico mtoto wa miaka kumi hivi wakati wa neema, akaolewa humo na John Lane mwenye duka. Bei ilipoanguka wakaondoka. Mwaka 1916 wakarudi! Mji umekufa, wao wanarudi. Wakaingia jengo lililokuwa mahakama na posta, wakalifanya nyumba. Mumewe akafa, yeye akabaki, hadi miaka ya 1960. Aliuona mji ukiwa na watu elfu kadhaa, akauona ukiwa na watu wawili, akauona Knott akija na mbao na picha kuusimamisha tena. Vitu vyake vimo ndani bado. Nilikaa mbele ya nyumba ile nusu saa nzima, mhudumu akaja kuniuliza kama niko salama.

---

Mama_Wawili_Anaheim

Hiyo nyumba tuliipita, watoto walitaka barafu. Nitarudi.

---

Asiyechoka_Kuuliza

Swali la mwisho mkuu. Shimoni unaingia? Na hao Wachina na wengine waliofia huko, wamezikwa wapi?

---

Kahama_Mojave

Shimoni unaingia, kuna moja linaitwa Maggie limetengenezwa kwa wageni, lina taa. Mashimo mengine mengi yamo mlimani pande zote, usiyasogelee, mengine wima kama kisima na mbao zake zimeoza. Ndani ya Maggie nilipapasa ukuta. Alama za patasi zipo, mkono wa mtu aliyepiga kutoka kushoto kwenda kulia. Baba alikuwa anapiga hivyohivyo.

Makaburi yako chini kidogo ya mji, kando ya barabara ya kuingilia. Ni marundo ya mawe, mengi hayana jina, machache yana mbao au bati lenye maandishi. Ya Wachina sikuyatambua. Nilifika jua limezama, mwanga ulikuwa haunitoshi kusoma, na simu ilikuwa imeisha chaji.

Jumamosi napita tena na mzigo wa Las Vegas. Nimeomba kwa ofisi saa moja ya ziada Barstow, wamekubali. Nitakwenda na tochi, nisome yenye majina, niyaandike humu kama yalivyo.